Kanisa Lililobaki Bila Padre



Wapendwa taifa la Mungu, wiki hii nilikuwa nikijaza taarifa ya mwaka ya parokia. Fomu ile inauliza mengi: waliobatizwa ni wangapi, ndoa zilizofungwa ni ngapi, waliopata Kipaimara ni wangapi, jumuiya ndogo ndogo zimeongezeka au zimepungua, zaka imepanda au imeshuka. Nilijaza nafasi zote, nikatia sahihi na mhuri. Kisha nikabaki nimeketi na kalamu mkononi, kwa maana lipo swali ambalo fomu haikuliwekea nafasi. Kama mimi na padre msaidizi tungeondoka kesho asubuhi, na pasiwepo padre mwingine wa kuja hapa kwa muda wa miaka karibu mitatu, siku ya kurudi tungekuta nini?

Swali hili sikulibuni. Lilikwisha kuulizwa kwa vitendo katika nchi hizi za Maziwa Makuu, kule Buganda, kati ya mwaka 1882 na 1885, na jibu lake tunaliadhimisha kila tarehe 3 Juni, ingawa mara nyingi tunakumbuka moto wa Namugongo na kusahau miaka iliyoutangulia. Leo ningependa tuitazame miaka hiyo. Lakini nawaomba uvumilivu kidogo, kwa sababu habari yenyewe inaanzia mbali, Afrika ya Kaskazini. Mtu aliyewatuma wale mapadre Buganda alikuwa akiishi juu ya kaburi la Kanisa lingine, naye alilijua jambo hilo vizuri.

Mtu huyo ni Kardinali Charles Lavigerie. Alifika Algiers akiwa Askofu Mkuu mwaka 1867, na mwaka uliofuata akaanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Mwaka 1884 jimbo la kale la Karthago lilipofufuliwa, akawa Askofu Mkuu wake pia. Hebu fikirini maana ya kuwa askofu wa Karthago katika karne ya kumi na tisa. Mahali pale palikuwa na magofu tu, na mawe ya makanisa ambayo wakulima walikuwa wakiyakuta chini ya jembe.

Na lilikuwa Kanisa la namna gani! Mwaka 180 Wakristo kumi na wawili wa kijiji cha Scilli walihukumiwa kifo mjini Karthago, wakiwa na sanduku lenye nyaraka za Mtakatifu Paulo. Mwaka 203 wakafuata Perpetua na Felisita, mama kijana wa ukoo bora na mtumwa aliyekuwa ametoka kujifungua, wakafa pamoja. Mwaka 256 Mtakatifu Sipriani aliwakusanya maaskofu 87 katika mtaguso mmoja. Mwaka 411, wakati wa Mtakatifu Agostino, Wakatoliki na Wadonati walipokutana Karthago ili kuamua ugomvi wao, maaskofu Wakatoliki walikuwa 286, na wa Wadonati walikaribia idadi hiyo hiyo. Nani leo anaweza kuonyesha nchi ya Afrika yenye maaskofu zaidi ya mia tano? Kwa fomu yangu ya taarifa, Kanisa hilo lingepata alama za juu kabisa.

Sasa tazameni mwisho wake. Mwaka 1053 Papa Leo IX aliandika barua akisikitika kwamba katika Afrika yote ile walikuwa wamebaki maaskofu watano. Na jambo linalonichoma zaidi ni sababu iliyomfanya aandike: hao watano walikuwa wakigombana kuhusu nani awe mkuu wao. Mwaka 1076 Papa Gregori VII alilazimika kushughulikia jambo la kusikitisha zaidi, kwamba hawakuweza kupatikana hata maaskofu watatu wanaohitajika kwa desturi ya Kanisa ili kumweka wakfu mwenzao. Baada ya karne ya kumi na mbili ni vigumu kusikia habari ya Kanisa la wenyeji.

Wengi wetu tumezoea jibu jepesi: walikuja Waarabu mwaka 698, wakaiteka Karthago, Kanisa likafa. Jibu hilo halinitoshi, wala halitendi haki kwa jirani zetu Waislamu. Misri ilitekwa kabla ya Karthago, na Wakristo wa Misri, yaani Wakopti, wako hadi leo, na sala zao za kale hawajaziacha. Tena Kanisa la Karthago liliishi zaidi ya miaka mia tatu chini ya utawala huo kabla ya barua ya Papa Leo. Kitu kinachokufa polepole namna hiyo mara nyingi kilikuwa na ugonjwa ndani mwake kabla ya adui kubisha hodi.

Wanahistoria wanataja mambo mengi: mgawanyiko wa Wadonati uliodumu zaidi ya karne moja, mateso ya Wavandali, vita, kodi, na watu wenye uwezo kuvuka bahari kwenda Italia na Hispania pamoja na mapadre wao. Mimi si mwanahistoria wa kazi, lakini lipo jambo moja ambalo napenda tulikazie macho. Lugha ya Kanisa lile ilikuwa Kilatini, lugha ya mjini, ya mahakama na ya shule. Vijijini watu walisema Kipuniki, na milimani Kilibya, lugha ya mababu wa Waberberi wa leo. Haijatufikia tafsiri yoyote ya Biblia kwa lugha hizo mbili. Huko Misri, kinyume chake, Maandiko yalikuwa katika Kikopti, lugha ya mkulima wa mtoni, na wamonaki wenyewe wengi walikuwa watoto wa wakulima.

Agostino aliliona pengo hilo. Palikuwa na mji mdogo, Fussala, umbali wa maili zipatazo arobaini kutoka Hipo. Watu wake walihitaji askofu anayejua Kipuniki. Agostino akampata padre mmoja anayefaa, akamwalika askofu mkubwa wa Numidia, mzee aliyesafiri kutoka mbali, aje kumweka wakfu. Dakika ya mwisho yule padre akakataa. Agostino aliona haya kumrudisha mzee wa watu mikono mitupu, basi akamtoa kijana aliyeitwa Antoninus, msomaji tu wa masomo kanisani, aliyelelewa katika monasteri yake tangu utoto na anayejua lugha ile. Kijana akawekwa wakfu, akaenda Fussala, akawa balaa. Aliwanyang'anya watu mali zao, hata wakakimbilia kwa Papa. Agostino alimwandikia Papa Selestino akikiri kosa lake, na akasema kwamba huzuni yake ilikuwa kubwa kiasi cha kufikiri kuacha uaskofu.

Naipenda habari hii kwa sababu inamhusu mtakatifu na mwalimu wa Kanisa. Kosa lake halikuwa ubaya wa moyo. Alikuwa na haraka, alitaka nafasi ijazwe, na kwa ajili hiyo akampa kundi mtu asiyepikwa akaiva. Sisi mapadre, na ninyi viongozi wa walei, tungeweza kuitundika barua ile ukutani katika ofisi zetu.

Turudi kwa Lavigerie. Yeye aliyasoma haya yote, tena aliyasoma akiwa juu ya magofu yenyewe. Ndiyo maana, alipowatuma vijana wake katika Afrika ya ndani, aliwapa masharti ambayo wengine waliyaona magumu mno. Wajifunze lugha ya watu na kuitumia. Wasijaribu kumgeuza Mwafrika kuwa Mzungu. Na juu ya yote, mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa na kujaribiwa kwa muda usiopungua miaka minne: miwili ya kwanza kama mwombaji, na miwili mingine kama mkatekumeni. Aliichukua desturi hiyo kutoka Kanisa la kale, la nyakati za wafiadini, aliyoamini kwamba ndiyo iliyolifanya kuwa imara.

Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walifika pwani ya Buganda tarehe 17 Februari 1879, na wenzao wakawafuata baadaye mwaka huo. Hawakukuta nchi isiyojua dini. Kiswahili na Uislamu vilikwisha kufika ikulu ya Kabaka Mutesa kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani, na mwaka 1876 vijana Waislamu waliuawa kwa ajili ya imani yao, jambo ambalo tunapaswa kulikumbuka kwa heshima. Waanglikana walikuwa wamefika mwaka 1877. Waganda waliwaita wafuasi wa dini hizi mpya "abasomi", wasomaji, kwa kuwa kusali na kusoma kulikuwa jambo moja kwao.

Nisiwafiche kwamba hata wamisionari hao walijaribiwa na haraka. Jumamosi Kuu ya mwaka 1880, mwaka mmoja tu tangu wafike, waliwabatiza watu wanne wa kwanza. Lavigerie hakufurahi, akawakumbusha masharti yake. Baada ya hapo walikwenda taratibu. Katika mwaka 1882 walibatizwa wachache ambao majina yao mnayajua leo kutoka katika litania: Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa mwezi Aprili, Matia Mulumba na Luka Banabakintu siku ya Pentekoste.

Halafu, Novemba 1882, mapadre wakaondoka. Hali ikulu ilikuwa imechafuka, Mutesa hakuaminika tena, na mkuu wao Padre Livinhac aliona hatari, hasa kwa watoto yatima waliowatunza. Wakavuka ziwa kwenda kusini, na makao yao yakawa Bukumbi, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Mwanza. Wapo waliowalaumu kwa kuondoka, na hata mimi nilipokuwa mseminari niliwalaumu. Sasa nina mvi, nami sihukumu upesi.

Nyuma yao waliacha nini? Hawakuacha parokia kwa maana tunayoijua sisi. Hapakuwa na Misa, hapakuwa na kitubio, hapakuwa na Mpako wa Wagonjwa. Waliacha wabatizwa wachache waliokuwa Wakristo kwa miezi tu, na wakatekumeni waliokuwa katikati ya mafundisho. Mtu yeyote mwenye akili ya hesabu angesema: baada ya mwaka mmoja hapatakuwa na kitu.

Yosefu Mukasa alikuwa mtumishi wa karibu wa Kabaka. Usiku, kazi ikiisha, aliwafundisha vijana wa ikulu sala na katekisimu, na kuwalinda na mabaya yaliyokuwamo humo. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa kufundishia, na maradhi yalipowashika watu aliwaendea wagonjwa na kuwabatiza waliokuwa wakifa. Huko Mityana, kilomita zipatazo 70 kutoka ikulu, Matia Mulumba na Luka Banabakintu walianzisha jumuiya ambayo mapadre hawakuwa wameipanga. Pamoja nao alikuwa Nowa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu.

Matia anastahili neno zaidi. Alikuwa Msoga, alitekwa utotoni, akalelewa katika ukoo wa Kiganda na kufikia cheo cha uchifu mdogo. Alitafuta ukweli kwa Waislamu, kisha kwa Waanglikana, kisha kwa Wakatoliki, wala hakuficha safari hiyo. Alipoamini, aliwaacha huru watumwa wake, akawatafutia wake zake wengine namna ya kuishi na kubaki na mmoja. Chifu huyu alianza kulima kwa mikono yake na kubeba mzigo wake mwenyewe njiani. Watu walimcheka. Nafikiri kicheko kile kilihubiri kuliko mahubiri yangu mengi, maana kila aliyecheka alilazimika kuuliza: kwani huyu amepatwa na nini?

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwanga akamrithi, akawaita mapadre, nao wakarudi Julai 1885. Walikuta waamini wameongezeka mara nyingi kuliko walivyowaacha. Walikuta wakatekumeni ambao hawakuwajua, waliofundishwa na watu waliokuwa jana wanafunzi. Padre Lourdel alikuta kazi yake imekua mikononi mwa mpiga ngoma, mfinyanzi na mtumishi wa ikulu.

Yaliyofuata mnayajua, nami nitayapita haraka. Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, baada ya kumwonya Mwanga kuhusu mauaji ya Askofu Hannington wa Waanglikana. Mei 1886 dhoruba yenyewe ikaja. Vijana waliposhikwa, Karoli Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wale waliokuwa bado wakatekumeni, Kizito akiwamo. Lourdel alisimama nje ya ikulu, akawaona wakipita wamefungwa kamba, wala hakuruhusiwa kusema nao. Wakafa, basi, kama walivyoishi miaka ile, bila padre kando yao. Huko Mityana, Nowa aliuawa tarehe 31 Mei. Dada yake Munaku alitekwa, akakataa kukana imani, akakombolewa na wamisionari, na maisha yake yote akaishi bila kuolewa kwa ajili ya Bwana. Hatajwi sana. Ningependa mabinti wa parokia hii wamjue.

Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu hao 22, tarehe 18 Oktoba 1964, katika mahubiri yake aliwataja wafiadini wa Scilli na wa Karthago. Aliona uzi ule ule ambao Lavigerie aliushika: Kanisa lililokufa kaskazini na Kanisa lililozaliwa ziwani ni kurasa za kitabu kimoja.

Ningeweza kuishia hapa, na ingekuwa habari tamu. Lakini ukweli una ukurasa mwingine. Katika moto wa Namugongo Wakatoliki na Waanglikana waliungua pamoja, na hakuna aliyewatenga majivu yao. Miaka sita hivi baadaye, tarehe 24 Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki pale Mengo, wakigombea vyeo na ardhi, huku Kapteni Lugard akiwa na bunduki zake za mashine upande mmoja. Wengine waliopigana walikuwa wanafunzi wa wafiadini. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilikumbuka Wadonati. Afya ya Kanisa si urithi wa nyumba ambao baba anamwachia mtoto pamoja na hati. Kizazi kimoja kinaweza kuwa nayo, na kizazi kinachofuata kikaumwa, hali jengo limekuwa kubwa zaidi.

Sasa mtauliza kwa nini nimewasimulia haya wiki hii. Katika kikao kilichopita cha halmashauri ya walei lilitolewa pendekezo kwamba mafundisho ya wakatekumeni watu wazima yafupishwe yawe ya miezi sita. Sababu zilizotolewa si za kipuuzi. Watu wana kazi. Vijana wanahamia mjini kabla ya kumaliza. Wachumba wamekwisha kulipa ukumbi, na harusi haingoji. Madhehebu mengine, alisema mzee mmoja kwa uchungu, hubatiza siku ile ile, na sisi tunapoteza watu.

Nakiri kwamba nami nimewahi kufanya hivyo. Miaka iliyopita, katika parokia nyingine, nilimkubalia bwana arusi mmoja apewe ubatizo baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mama wa bibi arusi alilia mbele yangu na tarehe ilikuwa imetangazwa. Harusi ilipendeza. Kwenye taarifa ya mwaka ule yeye ni namba moja katika safu ya wabatizwa watu wazima, na namba nyingine katika safu ya ndoa. Tangu siku ile sikumwona tena kanisani. Simlaumu. Nilimpa cheti, sikumpa Kanisa. Antoninus wangu mimi alikuwa mpole, basi hakuna aliyeandika barua kwa Papa.

Maaskofu wetu wa AMECEA walipoazimia mwaka 1973, na kukazia tena mwaka 1976, kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lisimame juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, nadhani walikuwa wakitafuta Mityana. Walitaka mahali ambapo mfinyanzi anaweza kumfundisha jirani yake kusali, na kumsindikiza mgonjwa wakati wa kufa, hata kama padre yuko ng'ambo ya ziwa. Katika vigango vyetu viwili au vitatu jambo hilo lipo. Mwezi wa nne, mvua ilipokata barabara, nilishindwa kufika kigango kimoja kwa wiki tano. Nilipofika nilikuta wamemzika bibi mmoja kwa sala zote zinazoruhusiwa, wamemchangia chakula mjane wa jirani asiye Mkristo, na katekista amekwisha kuwafundisha watoto somo la tano. Hawakunilalamikia. Nusura nione wivu.

Katika kigango kingine, ambacho sitakitaja, nilichelewa saa mbili tu, na watu walikuwa wamekwenda nyumbani. Kina paa jipya na kipaza sauti.

Sijui kama miaka minne ya Lavigerie inawezekana kwa mtu anayefanya kazi ya zamu kiwandani, na sidhani kwamba idadi ya miezi peke yake inaokoa. Kanisa linaloruhusu wenye elimu ya ibada ya Padre wawili tu halisaidiwi na kalenda. Lakini nataka kabla ya kupiga kura kila mjumbe afikirie mtu mmoja, kwa jina, aliyebatizwa akiwa mtu mzima katika parokia hii miaka mitano iliyopita, na ajiulize kama mtu huyo angeweza leo kumfundisha mwingine Baba Yetu na kumweleza maana yake. Mje na jina hilo. Kama hamna jina, semeni pia.

Kikao ni Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, katika ukumbi wa zamani, kwa kuwa ukumbi mpya umekodishwa kwa harusi.

Mungu awabariki.

Wenu katika Kristo,
Paroko